Na Turubai Ubavuni: Kutoka Lubumbashi Kutafuta Mahali pa Kulala

Ijumaa, Lubumbashi

Gari letu ni Hiace ya zamani iliyokwisha kubeba abiria kwa miaka mingi kabla ya kufika mikononi mwetu. Viti vya nyuma vilitolewa, na mahali pake mume wangu akapigilia kitanda cha mbao ambacho chini yake hukaa sufuria, mbabula yetu ya kupikia, gunia dogo la makala (mkaa) ya kuiwashia, madumu ya maji ya lita 20 na sanduku la vifaa. Halina choo, halina bafu wala friji, na umeme wote tulio nao hutoka kwenye paneli ndogo ya sola inayotosha taa moja na simu zetu. Kinachofanya gari hili likalike ni turubai. Juu ya mlango wa kusukuma imefungwa reli ya aluminiamu ambamo ukingo wa turubai hupenyezwa, na ukingo wa pili husimamishwa kwa nguzo tatu na kuvutwa kwa kamba. Chini yake ndipo tunapopikia, tunapolia chakula, tunapoogea nyuma ya pazia, na ndipo wageni wanapoketi.

Kwa kuwa magari haya hutoka Japani, usukani uko kulia na mlango wa abiria uko kushoto. Hapa kwetu, ambako tunaendesha upande wa kulia, mlango huo hufungukia katikati ya barabara, na kulikunjua turubai kando ya njia ni kujitafutia ajali. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa na kuanza kuendesha kushoto, mlango unageukia majani. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuelekea Zambia. Sababu nyingine ni kwamba Katanga ya Juu haikosi mahali pazuri, kwani tunayo maporomoko ya Lofoi yenye kimo cha zaidi ya mita 300 ndani ya hifadhi ya Kundelungu, na tunayo Kiubo katika mto Lufira, lakini viwanja vya kambi vilivyotengenezwa kwa ajili ya msafiri mwenye gari dogo ni vichache mno, na njia za kufikia huko zinataka gari la juu.

Jioni nilipiga simu kwa wenye viwanja. Nina maswali matatu ambayo huuliza kila mara: kama wanatoza kwa kichwa au kwa gari, kama wanaruhusu vigingi kupigwa ardhini, na kama kuna mtu anayelala hapo usiku. Upande wa Zambia wengi hutoza kwa kichwa, jambo linalotufaa sisi tulio wawili. Swali la vigingi huwashangaza, ila mwenye bustani ya majani yaliyokatwa vizuri hulijibu upesi, na jibu lake huwa hapana. Swali la tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu penye mtu huwa na maji, na penye mtu anayelala huwa na usalama.

Jumamosi, Kasumbalesa hadi Chingola

Tuliondoka kabla ya jua kuchomoza ili kuutangulia msururu wa malori ya shaba, ingawa msururu huo haujali saa. Kwenye mpaka tulionyesha kadi ya gari, pasipoti, vijitabu vya chanjo ya homa ya manjano na kadi ya njano ya bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kisha tukalipia kibali cha kuingiza gari kwa muda na ushuru wa barabara. Polisi wa Zambia hukagua pembetatu za tahadhari, ambazo lazima ziwe mbili, na vibandiko vya kuakisi mwanga, vyeupe mbele na vyekundu nyuma. Anayevipuuza vitu hivyo hulipa faini kabla hajafika Chililabombwe.

Mahali nilipokuwa nimepigia simu, pembezoni mwa mji wa Chingola, mlinzi alifungua lango kwa uchangamfu, lakini msimamizi alipotoka alilizunguka gari mara moja, akatazama chini ya uvungu, akauliza choo kiko wapi. Nilimjibu kwamba tunatumia vyoo vya kiwanja kama mtu yeyote mwenye hema. Akasema kwamba wanapokea magari ya kambi yaliyokamilika tu, na kwamba sisi tungeweza kuchukua chumba. Bei ya chumba ilikuwa mara nyingi zaidi ya bei ya kambi tuliyotajiwa kwenye simu. Mume wangu aliaga kwa adabu. Mimi sikuwa na adabu nyingi, ila nilinyamaza.

Mlinzi yule yule ndiye aliyetuelekeza kwa mama mmoja anayefuga kuku wa nyama mwendo mfupi kutoka hapo. Tulimkuta akifagia uwanja. Mume wangu, ambaye Kibemba chake ni cha utotoni, alimsalimu kwa kuinama na kupiga makofi polepole, kama inavyotakiwa mbele ya mtu mzima, akamweleza kwamba sisi ni watu wa Lubumbashi na kwamba tunaomba mahali pa kulaza gari tu. Yule mama hakuuliza gari lina nini. Aliuliza kama tumekula. Tulikunjua turubai nyuma ya mabanda, upande usiopelekewa harufu na upepo, tukanunua kuku mmoja kwake, na bukari (ugali) tulisonga sote kwenye mbabula yetu. Asubuhi alikataa fedha ya kulala, akapokea sabuni na sukari.

Jumapili, Chimfunshi

Barabara ya Solwezi ni ya lami, na baada yake inakuja njia ya udongo ambamo Hiace inakwenda bila shida wakati huu wa kiangazi. Chimfunshi ni mahali panapotuhusu sisi Wakongomani kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1983, wenye shamba la ng'ombe kando ya mto Kafue, David na Sheila Siddle, waliletewa sokwe mchanga aliyejeruhiwa, aliyekamatwa mikononi mwa wafanya magendo kutoka nchi yetu, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Wakamtunza, habari zikaenea, na wengine wakaletwa. Leo sokwe wanaoishi katika nyua kubwa za msitu hapo ni zaidi ya mia moja, ilhali Zambia yenyewe haina sokwe wa porini.

Kiwanja cha kambi ni rahisi, na kwa urahisi wake kinatufaa kabisa: uwanda wenye vivuli vya miti ya miombo, vyoo, mahali pa moto. Mfanyakazi aliyetupokea aliuliza jambo moja tu, yaani turubai litafungukia upande gani, ili atuonyeshe mahali ambapo asubuhi jua litatupata mapema. Mwezi Julai swali hilo lina uzito. Usiku wa huku ni wa baridi kali, umande hulilowesha turubai kama limenyeshewa, na anayetaka kulikunja likiwa kavu anahitaji jua la saa moja na nusu asubuhi badala ya kungoja hadi saa nne. Tulilala tukisikia kelele za sokwe ng'ambo ya ua. Mume wangu alisema ni ndugu zetu wa Kongo wanaotuuliza habari za nyumbani.

Jumatatu na Jumanne, Ndola, Kapiri Mposhi, Mkushi

Siku hizi mbili ni za lami na malori, na sitazirefusha. Karibu na Ndola tulisimama mahali ilipoanguka ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, alipokuwa akienda kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, kwa ajili ya vita vya Katanga. Mtu aliyekulia Lubumbashi hawezi kupita hapo bila kushuka. Pana bustani tulivu na mtunzaji mwenye maarifa, lakini si mahali pa kulala.

Kapiri Mposhi ndipo inapoishia reli ya TAZARA, ile inayotoka Dar es Salaam kwa mwendo wa kilomita 1,860, na madereva wa Kitanzania wamejaa mjini. Nilinunua nyanya na vitunguu kwa Kiswahili kitupu. Dereva mmoja, mzee mwenye kofia ya darizi, aliponiona nikikagua matairi aliniuliza, "Mama, mnalala wapi na kigari hiki?" Nilipomwambia, alitikisa kichwa kuhusu kituo kimoja cha mafuta nilichokitaja, akatuonya kwamba huko injini za malori hazizimwi usiku kucha na mafuta ya watu hunyonywa. "Nendeni mbele, mwanangu, mpaka muione miti." Tulimsikiliza. Kabla ya Mkushi, katikati ya msitu kando ya Barabara Kuu ya Kaskazini, tulipata nyumba ya wageni yenye uwanja wa nyasi, maji ya moto yanayochemshwa kwa kuni, na mwenyeji aliyetuambia tuegeshe popote isipokuwa juu ya mboga zake. Tulikaa usiku wa pili hapo ili kufua.

Jumatano, Kundalila

Kutoka Serenje barabara inaelekea kaskazini mashariki hadi Kanona, na hapo kibao kinaonyesha njia ya udongo iendayo kwenye maporomoko ya Kundalila, ambako mto Kaombe unajirusha kutoka ukingoni mwa nyanda za juu na kushuka zaidi ya mita 60 hadi kwenye dimbwi la maji baridi. Ni mahali pa urithi wa taifa. Kiwanja kina vyoo vya shimo, vibanda vya nyasi, mto wa kuteka maji, na mzee mtunzaji ambaye ndiye hasa niliyekuwa nikimtafuta tangu nianze kupiga simu, ingawa simu yenyewe hana.

Mzee huyo hakutuacha tuegeshe tulipotaka. Kwanza alitutoa chini ya mti mkubwa, akatuonyesha kwa fimbo matawi mawili yaliyokufa juu yake. Kisha akatutoa kwenye njia ya kwendea mtoni, kwa sababu wanawake wa kijiji huipita alfajiri. Tatu, akamfanya mume wangu aligeuze gari lote, mgongo uelekee mashariki, kwani kiangazi pepo huvuma kutoka huko, na turubai linalofungukia upepo huwa tanga. Ndipo akatazama vigingi vyetu, ambavyo kwa kweli ni misumari ya inchi sita iliyokunjwa kichwa, akacheka.

Ardhi ya hapo ni nyekundu, yenye changarawe, iliyokaushwa na jua tangu Mei. Msumari ukiugonga unapinda. Yule mzee aliweka alama kwa kisigino mahali ambapo kila kamba ingefika, akachimba kijishimo cha kina cha kidole kwa ncha ya nondo, akamimina kikombe cha maji katika kila kimoja. "Sasa pikeni," akasema. Tulipika. Baada ya muda wa sufuria ya maharagwe kuchemka mara ya pili alirudi, akamimina tena, akangoja kidogo, halafu akauingiza kila msumari kwa mapigo machache tu, akiulaza kichwa chake mbali na gari. Usiku ardhi ilikauka ikaishika misumari kwa nguvu, na upepo ulipovuma baada ya usiku wa manane hakuna kamba iliyolegea. Kuing'oa asubuhi kulihitaji maji tena.

Jambo la pili nililoliona hapo sasa nimeliweka juu ya orodha yangu. Julai ni mwezi wa kuchoma misitu, na usiku tuliona mistari ya moto milimani upande wa bonde. Kuzunguka kiwanja mzee alikuwa amelima ukanda mpana usio na jani hata moja, na mbabula ilitakiwa iwekwe juu ya jiwe, hatua kadhaa kutoka kwenye turubai, upande ambao upepo unakwenda. Turubai la nailoni halihitaji moto wa msituni. Cheche moja ya makala hulitoboa. Kiwanja chenye mabafu ya vigae lakini chenye nyasi kavu hadi mlangoni sitakilipia tena, hata wakinipunguzia bei.

Jirani zetu usiku huo walikuwa wazee wawili wa Afrika Kusini waliotoka kwenye chemchemi za maji moto za Kapishya, wenye gari refu, hema la juu ya paa, friji mbili na bomba la kuogea. Walikuja kuketi kwetu, maana kwao hapakuwa na kivuli. Nadhani waliionea huruma Hiace mpaka walipoonja samaki wetu.

Alhamisi na Ijumaa, Kasanka

Tulirudi nyuma kidogo, tukashika barabara ya Samfya na Mansa hadi lango la hifadhi ya Kasanka. Wengi huja Oktoba hadi Desemba, wakati popo mamilioni wanapokusanyika katika kipande kidogo cha msitu wa maji; sisi tulikuja kwa ajili ya utulivu wa Julai. Kiwanja cha Pontoon kiko ukingoni mwa mafunjo, na asubuhi, kabla ukungu haujapanda, tuliwaona nzohe, swala wa majini, wakitembea majini bila wasiwasi umbali wa kutupa jiwe. Vyoo ni vya shimo, bafu ni ndoo yenye bomba la kunyunyizia, na mhudumu huja na kuni na kuuliza maji ya moto yaletwe saa ngapi. Gari la kifahari na gari letu hupata ndoo ile ile.

Hapa turubai lina sheria zake. Chakula hakibaki nje hata ukiwa umekaa karibu, kwa sababu ya nyani. Mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo kanga yangu ya buluu ilirudishwa sandukuni. Na kila unapotaka kwenda kutazama wanyama kwa gari, jiko lako lote lazima livunjwe, kwa maana turubai limefungwa kwenye gari. Wenye mahema hawana tabu hiyo. Sisi tuliitatua kwa kwenda kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi hadi kwenye jukwaa la Fibwe, lililojengwa juu ya mti wa mkangazi, na siku ya pili hatukwenda popote.

Si mbali na hifadhi ndipo alipofariki David Livingstone mwaka 1873, katika kijiji cha Chitambo. Moyo wake ulizikwa hapo, na mwili ukabebwa hadi Bagamoyo na watu aliosafiri nao, wakiongozwa na Susi na Chuma. Nimesoma sifa nyingi za yule aliyebebwa. Nikiwa nimechoka kwa siku mbili za lami ndani ya gari lenye kitanda, niliwafikiria zaidi waliobeba, na jinsi kila jioni walivyolazimika kumwomba mwenye kijiji mahali pa kulala wakiwa na mzigo kama ule.

Jumamosi, Samfya

Ziwa Bangweulu lina mchanga mweupe usiotarajiwa na mtu aliyezoea udongo mwekundu, na mchanga huo haushiki msumari hata kidogo. Mwenye nyumba ya wageni ya ufukweni alitupa magunia matupu ya unga. Tukayajaza mchanga, tukayafunga kamba, tukayafukia hadi magotini. Alitoza kidogo, akaongeza onyo kwamba tusioge ziwani bila kuwauliza wavuvi, kwa sababu ya mamba. Wavuvi walituonyesha mahali pao pa kuogea. Upepo wa ziwa haukulala, nasi tulilala nusu.

Jumapili, Chembe na kurudi Kongo

Baada ya Mansa tulivuka mto Luapula kwa daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008 kuchukua nafasi ya kivuko. Ng'ambo ni kwetu: ule ulimi wa Katanga unaoingia ndani ya Zambia kwa sababu ya mpaka uliochorwa na Waingereza na watu wa mfalme Leopold wa Ubelgiji. Tukahamia tena upande wa kulia, na mlango ukarudi kutazama barabara.

Hapa hakuna kiwanja cha kambi, na hakuna wa kumpigia simu. Utaratibu ni wa zamani: unafika kabla ya jua kushuka, unaingia kwenye parokia, unamtafuta padri au katekista, unajitambulisha kwa jina, kabila na mtaa, kisha unaomba. Katekista alituonyesha nafasi kati ya kanisa na visima, akatuma vijana wafagie. "Baba, Mama, mko nyumbani," akatuambia, "lakini mtasali nasi jioni." Tulisali. Alipoona turubai likikunjuliwa alikuja na kamba yake ya kupimia, akapima urefu wa reli, nafasi kati ya nguzo na mteremko wa kumwaga maji, kwa sababu alitaka kivuli kama hicho ubavuni mwa kanisa kwa akina mama wanaokosa nafasi ndani siku za sikukuu. Mume wangu alikaa naye hadi taa ya sola ilipoisha, wakichora kwenye vumbi. Tulimwachia kipande cha reli kilichokuwa sandukuni.

Jumatatu, Lubumbashi

Vumbi la njia ya Mokambo liliingia hadi ndani ya sukari. Turubai limetandazwa juu ya ukuta wa nyumba ili likauke kabisa, kwani likikunjwa na unyevu hata kidogo linaota ukungu mweusi kabla ya mvua za kwanza. Kwa safari yetu ijayo, ya Kiubo, dereva mmoja wa Likasi ametushauri tusiijaribu kwa Hiace, hivyo shemeji mwenye Land Cruiser ameombwa, naye amekubali kwa masharti ya mafuta. Gari lake halina reli. Mume wangu ametoka asubuhi kwenda soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini, kutafuta aluminiamu nyingine.